SOMO LA KIKUNDI: KITU CHA BURE NACHO KINA MTUNZAJI?
Kompyuta kuukuu, waifai, na draiva zisizo na mwenyewe



Siku hizi vikundi vingi vinapewa kompyuta zilizokwisha kutumika mahali pengine. Nyingi huwekwa programu ya Linux kwa sababu haina malipo, na kwa sababu haichoshi mashine ya zamani. Jambo hili ni jema. Lakini kuna tatizo moja ambalo limesumbua zaidi ya kikundi kimoja, nalo ni kompyuta kukataa kuona waifai bila kuanguka, bila kuloa maji, na bila mtu yeyote kuiharibu.

Lengo la somo hili ni kuelewa tatizo hilo linatoka wapi, na kujua la kuuliza na la kufanya kabla halijatukuta. Msomeni pamoja. Anayejua kusoma vizuri awasomee wengine, halafu mjadili maswali yaliyo mwishoni.

1. KISA CHA AKINA MAMA WA VIONDO

Kuna kikundi cha akina mama tunachokitembelea, kazi yao kusuka viondo. Walikuwa na laptopu moja waliyopewa, na kijana wa mwekahazina ndiye aliyekuwa akiwasaidia kuandika barua pepe na kuweka hesabu. Waifai waliipata kutoka shule ya jirani, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu.

Mnunuzi mmoja wa mjini alitaka viondo 40. Aliomba apelekewe bei na picha kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Alhamisi jioni kijana akafungua laptopu. Ikamwuliza kama anataka toleo jipya la programu, akakubali. Ilipozimika na kuwaka tena, waifai haikuwepo.

"Umeifanya nini, mwanangu?" mama mwenyekiti akamwuliza.

"Sijaifanya kitu, mama. Imepata programu mpya tu."

"Na jana iliona waifai?"

"Iliona vizuri."

"Basi programu mpya ni mbaya kuliko ya zamani?"

Kijana hakuwa na jibu. Asubuhi alipanda matatu ya kwanza kwenda saiba mjini, lakini gari liliharibika njiani. Alipofika ilikuwa saa nane, na mnunuzi alikuwa amekwisha kupatana na watu wengine. Vile viondo 40 vilikaa stoo miezi mitatu, na karo za watoto wawili zikachelewa.

Lazima tuseme ukweli. Sisi ndio tuliopokea laptopu ile kwa niaba ya kikundi. Tuliangalia kama inawaka, kama kioo ni kizima, kama chaja ipo. Hatukuuliza swali hata moja juu ya kadi ya waifai iliyomo ndani. Kwa hivyo somo hili ni letu pia.

2. DRAIVA NI NINI?

Kompyuta ina vyuma na ina programu. Katikati ya programu zote kuna moja kubwa inayotawala vyuma: inagawa kazi, inatunza kumbukumbu, inaamua nani atangulie. Wataalamu huiita kerneli. Tunaweza kuifananisha na kiini cha yai, kwa maana mengine yote yamezunguka hapo.

Lakini kerneli haiwezi kujua lugha ya kila chuma duniani. Kadi ya waifai ya kiwanda hiki inaamrishwa hivi, na ya kiwanda kile inaamrishwa vile. Kwa hiyo kila aina ya kadi inahitaji programu ndogo ya kuiendesha. Hiyo ndiyo draiva. Ni kama dereva: gari linaweza kuwa zima kabisa, lenye petroli, lakini bila dereva anayelijua litabaki pale pale stejini.

Kerneli ya Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Aliitoa wazi ili watu waisome na kuitengeneza, na tangu mwaka 1992 imekuwa chini ya leseni inayomruhusu kila mtu kuitumia, kuisoma, kuibadilisha na kuwagawia wengine, mradi naye asiwafungie wengine alichopewa. Tangu hapo maelfu ya watu wa nchi nyingi wameijenga, wengine kwa kujitolea, wengine wakilipwa na makampuni. Hata simu za Android tulizo nazo mifukoni zina kerneli hiyo ndani yake. Kwa ufupi ni harambee kubwa.

3. DAFTARI LA WATUNZAJI

Sasa tusikilize vizuri, kwa kuwa hapa ndipo penye somo.

Watu wengi hufikiri kwamba kitu kilichotolewa bure kinajitunza chenyewe. Wale wanaojenga kerneli hawafikiri hivyo. Ndani ya kazi yao kuna faili moja iitwayo MAINTAINERS, maana yake Watunzaji. Ni kama daftari la karani. Kila sehemu ya kerneli imeandikwa humo, pamoja na jina la mtu au watu wanaoitunza, mahali pa kuwaandikia, na hali ya utunzaji wenyewe.

Hali hizo ni za namna tano. Ya kwanza ni sehemu ambayo mtu analipwa kuitunza. Ya pili ni sehemu yenye mtu wa kuitunza, hata kama halipwi. Ya tatu ni sehemu yenye mtu asiye na nafasi, anayetengeneza kidogo hapa na pale. Ya nne ni sehemu isiyo na mtu kabisa, nayo huandikwa kwa neno lenye maana ya yatima. Ya tano ni sehemu iliyopitwa na wakati, ambayo imekwisha kupata nyingine ya kushika mahali pake.

Tunayafahamu mambo haya kwetu. Pampu ya kijiji yenye mtu aliyechaguliwa kushika spana na kununua vipuri hudumu miaka mingi. Pampu ya "watu wote" isiyo na mtu wa kuitunza, siku bomba likipasuka kila mmoja humwangalia mwenzake.

4. DRAIVA HUZEEKA NAMNA GANI?

Programu hailiwi na kutu. Draiva iliyoandikwa mwaka 1999 ina maneno yale yale leo. Kwa nini basi tuseme imezeeka? Kuna njia tatu.

(a) Nyumba inabadilika, mlango unabaki. Kerneli inabadilika kila wakati. Toleo jipya hutoka karibu kila wiki tisa au kumi. Waifai ilipoanza, kila draiva ilibeba kazi nyingi peke yake na kwa mtindo wake, kama kila boma kuchimba kisima chake. Mwaka 2007, katika toleo la 2.6.22, kerneli ilipata sehemu ya pamoja iitwayo mac80211, inayofanya kazi zile ambazo kadi nyingi zinazihitaji. Hilo likawa tangi moja la kijiji. Draiva mpya ziliungwa kwenye tangi. Baadhi ya zile za zamani hazikuungwa kamwe, na kila bomba kubwa lilipobadilishwa, mtu alilazimika kurudi kuzirekebisha moja moja.

(b) Wezi wanajifunza. Kanuni za kwanza za waifai zilitolewa mwaka 1997, na kufuli yake iliitwa WEP. Mwaka 2001 wataalamu walionyesha kwamba kufuli hiyo inaweza kuvunjwa. Mwaka 2004 ilikuja kufuli madhubuti zaidi iitwayo WPA2. Nyingi ya kadi za mwanzo, pamoja na draiva zake, hazikuweza kutumia WPA2. Mtu anayeendelea na kadi ya WEP ni kama aliyefunga stoo ya mahindi kwa kamba ya katani: mlango umefungwa, lakini mahindi hayako salama.

(c) Kiwanda kinaondoka na ufunguo. Hii ndiyo iliyowapata akina mama wa viondo. Draiva ya kadi yao haikuwa ndani ya kerneli. Kiwanda kiliitoa pembeni, huku sehemu kubwa ya maandishi yake ikiwa imefichwa. Kwa miaka mingi kiwanda hakikuigusa tena.

Hapa tuelewe sheria moja ya wajenzi wa kerneli. Mtu akibadilisha sehemu ya ndani, ni juu yake kurekebisha kila draiva iliyo ndani ya kerneli inayotegemea sehemu hiyo. Lakini hawajibiki kwa draiva zilizoko nje. Wala hawaahidi kwamba viungo vya ndani vitabaki vile vile mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo draiva ya ndani hubebwa pamoja na nyingine, na ya nje huachwa ijitafutie. Kerneli mpya ilipoingia katika laptopu ile, viungo vilikuwa vimebadilika, na draiva ya kiwanda haikuwa na mtu wa kuirekebisha. Kijana hakukosa. Programu mpya nayo haikuwa mbaya. Kilichokosekana ni mtunzaji.

5. KILICHOTOKEA MWAKA 2024

Draiva za ndani nazo zina mwisho wake. Mwezi wa Machi mwaka 2024 toleo la 6.8 la kerneli lilitoka, na katika toleo hilo draiva kadhaa za zamani za waifai ziliondolewa. Miongoni mwake zilikuwa zile ziitwazo orinoco, hostap, ray_cs na wl3501.

Nyingi ya kadi hizo zilikuwa za kuchomeka ubavuni mwa laptopu za miaka ya 1990 na ya mwanzo wa 2000. Zile za ray_cs zilikwenda kwa kasi ya megabiti 2 tu kwa sekunde, na za orinoco megabiti 11. Karibu zote hazikuwa na mtunzaji, tena waandishi wa kerneli hawakuwa na kadi hizo mikononi ili wajaribu kama zinafanya kazi.

Draiva ya hostap ina jambo la kufurahisha. Iliandikwa na Jouni Malinen, na ilisifika kwa kuwezesha kompyuta ya kawaida kuwagawia wengine waifai. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa programu iitwayo hostapd. Draiva imeondolewa, lakini hostapd inaendelea kutunzwa na hutumika katika vifaa vingi vya kugawa waifai. Mzee amepumzika, mtoto anafanya kazi.

6. JE, NI HAKI?

Katika semina moja tulipoeleza mambo haya, mzee mmoja alisimama akasema, "Hawa watu wa mbali wanatupa vitu ambavyo sisi maskini bado tunavitumia."

Swali lake ni la haki, na hatutaki kulipita juu juu. Ni kweli kwamba anayenunua kompyuta mpya kila baada ya miaka michache hata hajui draiva iliyoondolewa. Anayeumia ni yule wa mwisho kupokea kompyuta. Mzigo wa mabadiliko hauwaangukii watu wote sawasawa.

Lakini tuangalie upande wa pili. Draiva isiyojaribiwa na mtu haibaki salama kwa sababu tu imeachwa mahali pake. Kila mabadiliko yanayoipitia yanaweza kuivunja kimya kimya, na hakuna atakayejua. Kasoro ya usalama ikiwemo, hakuna atakayeiziba. Na yule mtu mwenye kujitolea anayepoteza siku mbili kurekebisha draiva isiyotumiwa na mtu, siku hizo mbili amezinyima draiva ambayo pengine ndiyo iliyomo katika laptopu yenu.

Tena kuondolewa hakufanyiki gizani. Pendekezo hutangazwa wazi kabla, na kila mtu anaweza kulisoma na kulijibu. Mtu akijitokeza na kusema, "Mimi ninayo kadi hii, ninaitumia, na niko tayari kuijaribu kila toleo," neno lake lina uzito. Na hata draiva ikiondolewa, maandishi yake hayachomwi moto. Yanabaki katika matoleo ya nyuma, na leseni inamruhusu yeyote kuyachukua na kuyafufua, akiwa na uwezo wa kuyatunza.

Kuna mfano wa kututia moyo pia. Mwaka 2008 kampuni ya Atheros ilitoa wazi draiva ya ath9k kwa ajili ya baadhi ya kadi zake. Kwa kuwa maandishi yalikuwa wazi na ndani ya kerneli, watu wengine waliweza kuyatunza, na kadi hizo ziliendelea kutumika hata zilipokuwa zimeacha kuuzwa madukani. Hivyo basi, umri wa kadi si neno la mwisho. Yafaa tuulize kama draiva yake iko wazi, kama iko ndani ya kerneli, na kama ina mtu.

7. MAMBO YA KUFANYA

Kabla ya kupokea kompyuta:

- Mwulizeni anayeitoa: kadi ya waifai ni ya aina gani, na draiva yake iko ndani ya kerneli au ilitoka pembeni? Kuuliza si kukosa shukrani. Mtu hupokea ng'ombe kwa furaha, na bado humtazama meno.

- Kijana wenu anayejua kompyuta awashe mashine kwa fleshi yenye Linux ya karibuni, bila kuweka kitu ndani. Waifai ikionekana papo hapo, hiyo ni dalili njema. Isipoonekana, mmejua mapema kwamba kuna kazi ya kufanya.

- Aandike amri hizi tatu, na majibu yake yanakiliwe katika daftari la kikundi: lspci -k huonyesha kadi za ndani na draiva zinazotumika, lsusb huonyesha vilivyochomekwa katika matundu ya USB, uname -r huonyesha toleo la kerneli.

Kabla ya kukubali toleo jipya:

- Msikubali usiku wa kuamkia siku ya kazi kubwa. Fanyeni siku ambayo hakuna barua ya haraka.

- Wekeni nakala ya hesabu na barua zenu katika fleshi, na fleshi ikae kwa mtu mwingine.

Waifai ikipotea:

- Msiingiwe na hofu, na msimlaumu kijana. Zimeni na kuwasha. Katika Linux nyingi, kerneli ya awali huwa bado imehifadhiwa, na unaweza kuichagua katika orodha inayotokea mwanzo kabisa wa kuwaka. Kama tungalijua hili, viondo 40 vingaliuzwa. Lakini msikae na kerneli kuukuu daima, maana haitapata marekebisho ya usalama. Itumieni kama daraja la kuvukia tu.

- Unganisheni simu ya Android kwa waya wake wa USB, halafu katika simu mruhusu kugawa intaneti kwa njia ya USB. Mara nyingi kompyuta huipokea bila kuhitaji kadi ya waifai kabisa.

- Tumieni waya wa mtandao kama ruta iko karibu. Njia ya waya mara nyingi haina shida hizi.

- Kama kadi haina matumaini, nunueni kadi ndogo ya waifai ya kuchomeka katika tundu la USB. Mwambieni muuzaji mnataka ile ambayo draiva yake imo ndani ya kerneli ya Linux, na muijaribu pale pale dukani kabla ya kutoa pesa.

- Kama mnaona kasoro na mna kijana mwenye moyo, aandike ripoti kwa wale wanaotengeneza Linux mnayoitumia: kadi gani, toleo gani la kerneli, ilifanya kazi mpaka lini. Ripoti nzuri ni mchango kamili. Watunzaji hawawezi kujua kwamba kadi fulani bado inatumika kijijini kwetu kama hakuna aliyewaambia.

8. HITIMISHO

Akina mama wa viondo bado wanatumia laptopu ile ile. Walichanga, wakanunua kadi ndogo ya USB. Lakini jambo kubwa walilolifanya halikuwa la kununua. Katika mkutano wao waliongeza ukurasa mmoja katika daftari la karani. Wameandika kila kitu cha kikundi: laptopu, mizani, cherehani, tangi la maji. Mbele ya kila kitu kuna jina la mtu mmoja, na jina la pili la kumsaidia. Mama mwenyekiti alipotuonyesha, mbele ya tangi palikuwa hapana jina.

"Hili ni yatima," akasema. "Hatutoki hapa leo mpaka lipate mzazi."

Mkutano ulikwisha saa kumi na mbili jioni, na tangi likiwa na majina mawili.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni vitu gani tulivyopewa bure katika miaka mitano iliyopita? Vingapi vinafanya kazi leo, na vingapi vina mtu anayevitunza kwa jina?

2. Yule mzee wa semina alisema watu wa mbali wanatupa vitu tunavyovitumia. Mnakubaliana naye? Kwa nini?

3. Mtunzaji wa kitu cha kikundi akichoka au akihama, tunafanyaje ili kitu kisibaki yatima?

4. Nani katika kikundi chetu atanakili majibu ya zile amri tatu, na lini? Andikeni jina lake na tarehe kabla ya kuachana.